Mwezi Juu ya Jiwe la Tai

Ijumaa, saa tatu na robo asubuhi, Inspekta Darina Kaluva alipanda kwa mara ya pili ngazi za mbao za nyumba ya Bibi Kerana, katika kijiji cha mlimani cha Kalinets, na kwa mara ya pili akapokewa kwa kugombezwa.

"Viatu! Theluji yote ya Kalinets unaniletea mimi ndani?"

Inspekta akavua viatu. Sajini Rufat, mkuu wa kituo kidogo cha polisi cha bondeni, alikuwa ameshavua vyake zamani na kuvipanga ukutani. Yeye alizaliwa vijiji viwili tu kutoka hapo na aliwajua mabibi wa milimani.

"Afande," alinong'ona Rufat, "yule mnunuzi wa vitu vya kale kutoka mji mkuu tumfute. Tangu Jumamosi mguu wake uko kwenye plasta. Aliteleza mbele ya hoteli. Hata chooni anapelekwa."

"Tumfute," alisema Inspekta, akalikata jina hilo kwenye orodha ya washukiwa daftarini mwake. Sasa lilibaki jina moja tu, nalo hakulipenda.

Jina hilo lilikuwa la Orlin, dereva wa gari la maziwa, kijana wa miaka ishirini na saba ambaye tangu Jumatano alikuwa amefungiwa kituoni. Jumapili ilikuwa harusi yake na Vihra, aliyeishi kwa babu yake, Mzee Manol. Wageni mia mbili walikuwa wamealikwa. Jumatatu Kwaresima ya Kiorthodoksi ingeanza, na padri hafungishi ndoa tena mpaka Pasaka ipite.

Kilichoibwa ni gaida kongwe ya kijiji, zumari kubwa la mfuko wa ngozi lenye umri wa miaka mia na thelathini, lililowahi kuwachezesha mabibi na mababu wa nusu ya bonde siku za harusi zao. Kwa miaka kumi na minane ilikuwa imelala ndani ya kabati la kioo kwenye Nyumba ya Utamaduni. Jumatatu saa kumi na moja jioni mwenyekiti, Bwana Stamen, alifunga mlango akaiacha mahali pake. Jumanne saa tatu asubuhi alifungua akakuta kabati tupu. Kioo hakikuvunjwa, wala kufuli ya mlango.

Dhidi ya Orlin kulikuwa na ushahidi mmoja tu, na mwenye ushahidi alikuwa sasa anakata patatnik iliyotoka jikoni, viazi vyake bado vinatoa mvuke.

"Kaa hapo dirishani, mwanangu. Na wewe mrefu, kaa, unaniumiza shingo. Mlinikuta Jumatano nina homa, sikuwapa hata maji. Leo mtakula."

"Tutakula, Bibi. Huku tunakula unanieleza tena. Ulichokiona Jumatatu."

"Si mliandika?"

"Niliandika. Nataka kusikia."

Bibi Kerana alikuwa na miaka themanini na minne, na macho yake yaliona mbali kuliko ya Rufat. Akapangusa mikono kwenye aproni.

"Jumatatu homa ilinikamata. Saa tisa mchana nikameza kidonge, nikanywa chai ya mlimani na tone la pombe yetu ya rakia."

"Tone?" aliuliza Rufat.

"Matone. Nikalala. Nilipoamka saa ya ukutani inasema saa kumi na mbili na nusu. Nje gizagiza. Nikasema, haya, jioni imeshaingia, na mimi nimekosa mwanzo wa tamthilia yangu. Nikawasha televisheni. Tamthilia hakuna! Wameweka mwanamume wa kaptura, anarukaruka na kuzungusha mikono. Nikamtukana nikazima. Ndipo nikaja hapa dirishani, nikamwona Orlin anashuka ngazi za nyuma za Nyumba ya Utamaduni, kitu kikubwa amekikumbatia ndani ya koti."

"Uliuona uso wake?"

"Kofia ya koti ilikuwa imefunika. Lakini koti si nalijua? La sufu nyeupe, na begani kiraka chekundu. Vihra ndiye aliyekishona, akakishona vibaya, kijiji kizima kilimcheka."

"Kwa hiyo uliona koti."

"Niliona koti linatembea. Makoti yanatembea yenyewe?"

Rufat alicheka. Inspekta hakucheka, ila aliandika neno moja: *koti*.

"Kulikuwa na mwanga wa kutosha? Taa ya mtaani ni mbovu, nimeiona."

"Theluji yenyewe ni taa. Halafu kulikuwa na mwezi." Uso wa bibi ukalainika. "Mwembamba, mzuri ajabu, juu ya Jiwe la Tai pale. Niliufanyia ishara ya msalaba, nikamwombea Orlin na Vihra wapate watoto, mimi mjinga, sikujua kijana anatoka kuiba."

Kalamu ya Inspekta ikasimama. Akageuka na kutazama nje. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mgongo wa Nyumba ya Utamaduni, na juu ya paa lake, mbali kidogo, Jiwe la Tai. Jua la saa tatu lilikuwa limesimama juu ya jiwe hilohilo, linamchoma machoni.

"Mwezi ulikuwa umegeukia wapi, Bibi?"

"Hivi." Bibi Kerana akachukua kipande cha patatnik, akakimega kwa meno mpaka ikabaki kona iliyopinda, akakiinua mbele ya kioo. "Mgongo chini kushoto, pembe juu kulia. Mwezi mzee, umebakiza siku chache."

"Una hakika?"

"Binti, mimi napanda kwa mwezi, navuna kwa mwezi, hata mayai ya kuatamisha nayaweka chini ya kuku kwa mwezi. Nikosee mwezi?"

Inspekta akaweka kalamu chini. Akajipakulia patatnik, akala tonge moja taratibu, kisha akasema kwa sauti ya mtu asiye na haraka:

"Mimi wa mjini, Bibi. Taa za barabarani zimenipofusha. Hebu nifundishe. Mwezi ukiandama unaonekana wapi?"

"Huko." Bibi akaelekeza kijiko nyuma yake, kwenye dirisha la jikoni, ambako msalaba wa kanisa ulionekana. "Juu ya kanisa, jua likishazama. Kama ukucha. Haukai, unalifuata jua."

"Kwetu ndivyo tunavyoutafuta Ramadhani," alisema Rufat. "Mama yangu anatupandisha wote juu ya paa, tunatazama machweo."

"Mama yako ana akili. Basi kesho yake unanenepa, unakawia kidogo kutua. Siku ya saba ni nusu. Jua likizama wenyewe uko juu ya bomba langu la moshi, na usiku wa manane ndio unatua. Siku ya kumi na nne au kumi na tano umejaa. Hapo ni raha! Jua linazama huku kanisani, mwezi unachomoza kule kwenye Jiwe la Tai, kama walinzi wanaopokezana zamu. Mimi niliolewa siku hiyo, watu walicheza mpaka asubuhi bila taa."

"Halafu?"

"Halafu unapungua. Na kila siku unachelewa kuchomoza, karibu saa nzima. Wiki moja mbele unatoka usiku wa manane, nusu tena, lakini nusu ya upande wa pili. Hapo unapanda vinavyokua chini ya udongo. Mchana bado unauona juu, mweupe kama umesahauliwa. Halafu unakonda, unachelewa, unakonda, mpaka unakuwa uzi, na huo uzi unachomoza kwenye Jiwe la Tai muda mfupi tu kabla ya..."

Kijiko kikabaki hewani.

"Kabla ya nini, Bibi?" aliuliza Inspekta kwa upole.

"Kabla ya jua," alisema Bibi Kerana. Kisha akajipiga kofi kwenye kipaji cha uso, likasikika mpaka jikoni. "Mama yangu mzazi! Ilikuwa alfajiri!"

Rufat aliacha kutafuna.

"Mwezi mzee hauonekani jioni!" Bibi alikuwa ameshasimama. "Jioni umeshatua tangu mchana! Nililala Jumatatu saa tisa nikaamka Jumanne! Nimelala kama gogo, saa kumi na tano! Na jogoo wa Stamen alikuwa anawika kama mwehu, nikasema huyu naye kachanganyikiwa, kumbe aliyechanganyikiwa ni mimi! Na yule wa kaptura..."

"Mazoezi ya asubuhi," alisema Rufat. "Mke wangu huyafuata."

"Nami nimemtukana mtu wa watu! Nikameza kidonge cha usiku, nikarudi kulala, nikaamka saa nne watu wanapiga kelele za wizi. Nikashangaa, usiku huu mbona mfupi."

Alianza kucheka huku amejishika ubavu, na Rufat naye akashindwa kujizuia. Inspekta alisubiri watulie.

"Tupate karatasi, Bibi. Hakimu hatakubali patatnik. Una kalenda?"

Ilikuwa ukutani, ile ya kuchana karatasi moja kila siku. Karatasi zilizochanwa Bibi Kerana hakuzitupa kwa sababu nyuma zina mapishi. Alizibana chini ya gudulia la chumvi. Rufat akazipekua mpaka akapata mbili, akasoma kwa sauti ya mahakamani:

"Jumatatu. Mwezi ulichomoza saa kumi na dakika ishirini na tano alfajiri, ukatua saa saba na dakika ishirini mchana. Jumanne. Ulichomoza saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Jua, saa moja na dakika tano." Akainua macho. "Jumatatu jioni hakukuwa na mwezi kabisa, Afande. Na leo Ijumaa ndio unazaliwa upya."

"Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Andika, Bibi atie sahihi." Inspekta alikuwa tayari anavaa viatu. "Orlin tulimuuliza alikuwa wapi Jumatatu jioni. Akasema zizini, peke yake, na mbuzi hawawezi kumtetea. Hakuna aliyemuuliza kuhusu Jumanne alfajiri. Dereva wa maziwa alfajiri yuko wapi?"

Rufat akatoa simu.

Kiwanda cha maziwa kiko mabonde matatu mbali, kilomita arobaini za kona tupu. Mpimaji wa pale alikuwa na sauti kubwa kiasi kwamba Inspekta alimsikia akiwa amesimama upande wa pili wa gari.

"Jumanne? Orlin? Alipima saa kumi na mbili na dakika ishirini, lita mia nne na kumi, sahihi yake hii hapa. Akakaa na sisi mpaka saa moja anakunywa kahawa na kutuhesabia siku za harusi. Alituchosha! Mtamtoa lini? Zawadi tumeshanunua, ni mashine ya kufulia, haiingii mlangoni kwangu."

"Nitumie picha ya hicho kitabu sasa hivi," alisema Rufat, akakata simu, akapiga ngumi usukani kwa furaha. "Basi tumwachie, Afande!"

"Tutamwachia. Lakini koti lake halikuwa kiwandani. Koti lilikuwa linashuka ngazi za Nyumba ya Utamaduni. Twende tukamuulize nani alikuwa ndani yake."

Orlin alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, amejifunika blanketi la Rufat. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana na masikio makubwa, na tangu Jumatano alikuwa amejibu kila swali isipokuwa moja.

"Orlin," alisema Inspekta, "Jumatano ulipoletwa hapa kipimajoto kilisoma nyuzi nane chini ya sifuri. Wewe ulikuwa na sweta tu. Koti lako liko wapi?"

Orlin akalivuta blanketi mpaka shingoni.

"Nionyeshe mikono."

Akainyoosha kwa kusitasita. Viganjani kulikuwa na malengelenge yaliyopasuka na kuanza kukauka.

"Usukani hautoi haya. Haya ni ya shoka, na ni ya siku nne hivi. Jumatatu mchana ulipasua kuni nyingi sana. Nyumbani kwenu mnachoma makaa, nimeona mwenyewe. Ulimpasulia nani?"

Masikio ya Orlin yakaanza kuwa mekundu.

"Mtu akipasua kuni anapata joto, anavua koti, analitundika, na akiondoka analisahau," aliendelea Inspekta. "Hasa kama anaagwa na mchumba. Nyuma ya nyumba ya kina Vihra kuna rundo jipya la kuni, limepangwa mpaka dirishani. Nimelipita mara mbili wiki hii nikasema, hawa hawatakuwa na baridi."

"Andika ni mimi," alisema Orlin ghafla. "Nimeiba mimi. Andika, nitie sahihi."

"Siwezi. Saa hiyo ulikuwa kilomita arobaini kutoka hapa, unapima maziwa. Umeandikwa kitabuni na una mashahidi wenye mashine ya kufulia."

Kijana akainama akaficha uso kwa viganja vile vilivyochubuka. Inspekta alimtazama kidogo, kisha akamwambia Rufat:

"Mpe supu. Halafu mpitie Stamen, mkutane nami kwa Mzee Manol."

Hakuhitaji kubisha hodi kwa Mzee Manol. Kibanda cha kazi nyuma ya nyumba kilikuwa wazi, na koti jeupe lenye kiraka chekundu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari upande wa ndani wa mlango, bila kufichwa. Ndani, mzee wa miaka sabini na tisa alikuwa ameinamia meza, uzi uliopakwa nta mdomoni, anakaza fundo la mwisho. Mbele yake ililala gaida. Mabomba yake ya mti mweusi yalikuwa yamepakwa mafuta yakang'aa. Mfuko wake ulikuwa mpya, wa ngozi laini ya mbuzi mchanga. Mfuko wa zamani ulikuwa chini, umekauka na kupasuka kama gome.

"Ngoja, usiseme," alisema mzee bila kuinua kichwa. "Fundo likilegea sasa hivi, hewa itatoka."

Inspekta alingoja. Fundo likakaza. Mzee akatoa uzi mdomoni.

"Wewe ndiye yule polisi wa mjini. Umekuja kuhusu gaida."

"Nimekuja kuhusu wizi, Mzee Manol."

"Wizi upi?"

"Wa gaida hiyo iliyo mezani kwako."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeambiwa ameiba pua yake mwenyewe. "Nani ameiba? Mimi nimeichukua kuitengeneza. Niliitunza nyumba ile miaka ishirini kabla ya Stamen, ufunguo ninao, hakuna aliyewahi kuniomba niurudishe. Mara tatu nimemwandikia, ngozi inakufa humo kwenye kioo, nipe niibadilishe, ilie siku ya Vihra. Mara tatu ananijibu kwa muhuri, eti kitu cha makumbusho hakiguswi. Nikasema nitaichukua Jumanne alfajiri, Jumatatu nairudisha, ikiwa nzima. Koti nililikuta hapo, kubwa, linaifunika vizuri na baridi. Ngozi hii nimeilainisha tangu vuli."

"Hujui kwamba kijana amefungwa kwa ajili hiyo?"

"Kijana yupi?"

"Orlin."

Mzee Manol akakaa kwenye kigoda, taratibu. "Niliambiwa Orlin yupo mjini kwa mambo ya suti. Vihra aliniambia. Tangu Jumanne sijatoka humu, chakula wananiletea mlangoni, mimi nikifanya kazi sitaki mtu." Akausukuma uzi pembeni. "Vihra alinificha nisishtuke, na mimi nilimficha yeye ili nimshangaze. Ee Mungu wangu. Nipeleke. Nifunge mimi, mtoe mtoto."

Mlango ukafunikwa na kivuli. Bwana Stamen alikuwa amefika na Rufat, ana tai, ana faili kwapani, ana hasira iliyokwisha kuandaliwa njiani.

"Ndiyo hiyo! Mali ya umma! Imefumuliwa!"

"Mali ya umma ilikuwa maiti," alijibu mzee. "Nimeifufua."

"Imeharibiwa, Inspekta, andika! Mfuko si wake, sauti imepotea!"

"Hilo linaweza kuchunguzwa," alisema Inspekta. "Kwa utaratibu. Mzee, inalia?"

Mzee Manol hakungoja kuulizwa mara ya pili. Akaipakata, akapuliza mara tatu mpaka mfuko ukavimba chini ya mkono wake, akaukandamiza kwa kiwiko. Kwanza likalia bomba refu peke yake, sauti nzito isiyokatika, iliyotetemesha vyombo vya chuma ukutani. Kisha vidole vyake vikaanza kutembea.

Uani, mbwa alisimama wima. Jirani akafungua dirisha, kisha mwingine. Ulikuwa wimbo wa kumtoa bibi harusi nyumbani, ule wa polepole ambao wakubwa wote wa Kalinets waliujua na vijana waliusikia tu kwenye kaseti. Stamen alibaki na kidole juu, kile alichokuwa anakemea nacho. Kidole kikashuka. Faili likateleza kwapani likaanguka, naye hakuliokota.

Wimbo ukaisha, mfuko ukanywea taratibu chini ya mkono wa mzee.

"Baba yako alinipigia huo siku ya harusi yangu," alisema Stamen hatimaye, kwa sauti nyingine kabisa. "Mwaka wa sabini na nne. Mama yangu alilia mpaka akatia chumvi mara mbili kwenye supu." Akakohoa, akalegeza tai. "Upande wa juu hapa, noti ya pili. Zamani haikuwa wazi hivi."

"Zamani kulikuwa na ufa. Nimeuziba."

"Mmh."

"Bwana Stamen," alisema Inspekta, "naandika ripoti, na naandika kilichotokea. Kitu kimechukuliwa bila kibali na mtunzaji wa zamani mwenye ufunguo, hakikuuzwa, hakikufichwa, kimepatikana kikiwa katika hali bora kuliko kilipotoka. Mwendesha mashtaka atasoma. Atasoma pia kama wewe unaendelea na malalamiko au unayaondoa. Hilo siwezi kukuandikia mimi."

Stamen akaokota faili. Akatafuta ndani, akatoa karatasi yenye muhuri wa Nyumba ya Utamaduni, akaiweka kwenye meza katikati ya nyuzi na nta.

"Tarehe ya leo?" aliuliza kwa ukali.

"Ya leo. Hakuna kurudisha nyuma."

Akaandika huku midomo inacheza. *Malalamiko yameondolewa. Chombo kinaazimwa kwa Bwana Manol mpaka Jumatatu, kwa matumizi ya harusi.* Akatia sahihi. Kisha, mgongo umeshageuka, akasema: "Na ule ufunguo ubaki nao. Nani ataibadilisha ngozi tena, mimi?"

Habari ilishuka mlima kabla ya gari la polisi. Inspekta alipofika kituoni, Vihra alikuwa ameshaingia, msichana mwembamba mwenye unga wa maandalizi mpaka kwenye nyusi, mikononi ana lile koti. Rufat alikuwa anafungua kufuli.

Orlin alitoka. Vihra akamtupia koti kifuani.

"Vaa. Usije ukafa kwa baridi kabla sijakuua mwenyewe. Siku mbili, Orlin! Nimelala siku mbili nalia, babu namdanganya kuhusu suti, keki imeshaokwa, na wewe umekaa humu kama jiwe! Kwa nini hukusema koti lilikuwa kwetu?"

"Ningesema, wangekuja kwenu."

"Wangekuja, wangemkuta babu na uzi wake mdomoni. Halafu?"

"Sikujua ni babu."

"Ulidhani ni nani?"

Orlin akashughulika na vifungo vya koti. Rufat akaona jiko linahitaji kuongezwa kuni haraka.

"Orlin. Ulidhani ni nani?"

"Wewe," alisema Orlin.

Vihra akajinyooshea kidole chenye unga.

"Mimi?"

"Si ulikuwa unasema kila siku? Lazima ilie kwenye harusi yetu, lazima ilie. Niliposikia imeibwa nikasema, haya, kaichukua. Na waliposema kuhusu koti, nikajua."

"Ukajua. Ukajua mchumba wako ni mwizi, anavunja Nyumba ya Utamaduni alfajiri."

"Hukuvunja. Kufuli ilikuwa nzima."

"Usinijibu! Ulipojua hivyo, ulipanga nini?"

"Nilipanga kusema ni mimi. Wangenifunga miezi michache. Ungeningoja." Akafikiri. "Nilitumaini ungeningoja."

Vihra alimtazama kutoka masikioni mpaka viatuni na kurudi juu.

"Yaani uliamini kabisa mimi ni mwizi," alisema polepole, "na bado ulitaka kunioa."

"Jumapili," alisema Orlin. "Saa tano. Kama tulivyopanga."

Kicheko kilimtoka Vihra bila yeye kukiruhusu. Alijaribu kukizuia kwa mkono, unga ukamwingia puani, akapiga chafya, akacheka zaidi, mpaka ikabidi akae kwenye benchi la mahabusu. Kisha akamvuta Orlin chini karibu naye kwa masikio yote mawili, akambusu mbele ya serikali.

Inspekta Kaluva alifungua kitabu cha kuachia watuhumiwa, akakitazama mpaka akachoka, kisha akakohoa.

"Sahihi hapa, Orlin. Na wewe, binti, mwachie sikio moja, asikie ninachomsomea."